Mpangaji wa Digrii 19

Wewe unalipa kodi ya nyumba? Basi tuelewane. Mimi nalipa. Kila tarehe tano, maana landilodi wangu ana kumbukumbu nzuri na mbwa mbaya. Naishi kwenye SQ, kile kijumba cha watumishi, nyuma ya bangalo moja la zamani hapa Upper Hill, mojawapo ya yale machache ambayo minara haijayameza. Zamani hiki kilima kilikuwa cha wakubwa wa reli. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899, wakubwa wakaangalia tope la kule bondeni, wakasema sisi tutakaa juu, penye hewa. Hewa bado ipo. Inaingia kwangu kupitia dirishani, chini ya mlango na pale bati lilipokosa msumari. Julai nalala na soksi, kofia na sweta ya mama watoto. Februari bati linanipika hadi nasahau jina langu. Na hakuna mtu hata siku moja amebisha hodi akaniuliza, "Jirani, ungependa digrii ngapi?"

Sasa sikiza. Ndani ya nyumba hiyo hiyo kuna mpangaji mwingine. Halipi hata ndururu. Hachoti maji. Hasalimii mtu. Na huyo lazima alale kwenye digrii 19. Si 15. Si 25. Zikipanda ananuna. Zikishuka anazirai. Ana chumba chake chenye mlango unaofunga vizuri kuliko wangu, ana stima yake, ana kijimashine cha kumwangalia usiku kucha. Mpangaji mwenyewe anaitwa hamira.

Usinicheke bado. Mimi sikujileta. Nililetwa na shemeji.

Shemeji alirudi kutoka Uingereza na mkebe wa kimea kilichokolezwa, cheusi, kizito, kijiko kinasimama chenyewe. Pamoja nao pakiti ya hopsi na kijipakiti cha hamira, kidogo hadi nikadhani ni dawa ya minyoo. Anasema kule kila mzee anajipikia bia kwenye gereji. Anasema tangu 1963 serikali yao iliacha kumdai leseni mtu anayejipikia ya kunywa mwenyewe. Fikiria. Mwaka ambao sisi tulikuwa tunapigania bendera na kuipata, wao walikuwa wanapata uhuru wa ndoo.

Huku kwetu mambo ni mengine. Kulikuwa na sheria ya 1980 ya kupiga marufuku chang'aa, ikakaa miaka 30, kisha 2010 ikaja ile watu wote huita Sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho aliyekuwa mbunge wa Naivasha. Hiyo ikaondoa ile ya zamani, ikasema unaweza kutengeneza kileo, lakini na leseni. Bila leseni, usitengeneze, usiuze. Sijaona kifungu kinachosema "isipokuwa mzee fulani wa Upper Hill na ndoo yake moja ya lita 20". Ndiyo maana naongea pole pole. Chifu akikuuliza, hii ni friji ya mboga.

Nikajipa moyo na historia. Ndugu wawili, George na Charles Hurst, walianzisha Kenya Breweries mwaka wa 1922 huko Ruaraka. Mwaka uliofuata George akauawa na tembo. Wakaita bia Tusker, tembo akawekwa kwenye chupa, na mpaka leo tunamnywa. Inasikitisha, sikatai. Lakini huyo alipambana na tembo mara moja, akaisha. Hakuna mahali pameandikwa kwamba aliamka saa nane za usiku kugombana na thamostati.

Ndoo ya kwanza niliiweka chini ya meza ya jikoni. Februari. Nani angejua? Nilidhani hamira inakaa tu pale inasinzia. Kumbe inafanya kazi, na ikifanya kazi inatoa joto. Chumba kina digrii 26, yeye ndani ya ndoo ameshafika 30. Hii ni habari ya kumwambia mtu mapema! Haikuandikwa kwenye mkebe kwa herufi ambazo mtu wa rika langu anaweza kusoma. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja jembe. Siku ya pili povu lilisukuma kifuniko, likashuka mguu wa meza, likavuka sakafu, likaingia kwenye viatu vya kanisa vya mama watoto. Vyote viwili. Povu lingine lolote la dunia lingeingia kimoja.

Ilipotulia, nikaonja. Ndizi. Naapa, ndizi mbivu tupu, na mimi sikuweka ndizi. Inavyoelekea hamira ikipata joto kupita kiasi hutoa harufu za matunda, hasa hiyo ya ndizi, na pia hutengeneza vileo vizito vinavyokaa kwenye utosi siku inayofuata. Soja wetu wa geti ni jamaa wa Bukoba. Nikampa glasi. Akanusa, akanywa, akaniangalia kwa huruma. "Mzee, hii ni rubisi. Lakini aliyetengeneza hakufundishwa." Wahaya wametengeneza pombe ya ndizi tangu enzi za mababu, kwa ndizi. Mimi nimeitengeneza bila ndizi, na bado nimeambiwa sijui. Asubuhi yake nilitoka nje nikaiangalia Britam Tower. Ni mnara mmoja, mita 200. Niliona miwili.

Basi, nikaanza kupoza. Njia ya kwanza ni ya bure. Unaweka ndoo ndani ya karai la maji, unaifunika blanketi bichi, maji yakivukiza yanaondoka na joto, ndivyo mtungi wa udongo unavyopoza maji kule pwani. Juu yake unatia chupa za barafu kwenye karai, unazibadilisha asubuhi na jioni. Vizuri sana. Shida ni moja. Mimi sina friza. Jirani yangu nesi anayo. Kwa hiyo kila asubuhi, na watu wa ofisi wanapita na tai zao, mimi niko mlangoni kwa nesi na suruali ya kulalia, nimekumbatia chupa za soda zilizoyeyuka, naomba kubadilishiwa. Watoto wake wakaanza kuniita Baba Barafu. Nikinunua sukuma, "Baba Barafu!" Nikiwa na wakwe zangu barabarani, "Baba Barafu, leo hukuja?" Baba mkwe akaniuliza ni biashara gani hiyo. Nikasema samaki. Mpaka leo anangoja samaki.

Halafu mvua za Aprili zikaja. Hewa ikawa mbichi, blanketi likagoma kukauka, karai halipozi tena, nyumba ikaanza kunuka mbuzi aliyenyeshewa. Mama watoto hakusema kitu. Alilitoa blanketi nje na fimbo. Ukiona mtu ameshika blanketi lenu la harusi na fimbo, jua mazungumzo yamekwisha.

Friji ilikuja kwa njia ya soja huyo huyo. Ofisi moja juu ya mnara ilikuwa inahama, wanatupa vitu, na jokofu dogo likashushwa. Nikalinunua kwa bei ambayo nilificha nyumbani na bado naificha hapa. Mwenye mkokoteni akaangalia kilima, akaniangalia mimi, akasema atavuta lakini mimi nisukume. Tukalilaza kiubavu. Nilisukuma kutoka Hospital Road na shati la kazini, huku wenye magari wananipigia honi, na mmoja akashusha kioo kunishauri nitumie gari. Tukafika. Fundi akasema lisimame wima masaa kadhaa kwanza, usiwashe, mafuta ya kompresa yamekimbilia kwenye mabomba. Kwa hiyo nikakaa kwenye kiti nikaliangalia jokofu likipumzika. Mimi niliyesukuma hakuna aliyeniambia nipumzike.

Mama watoto akarudi kazini, akaliona. Akaweka mkoba chini. "Baba watoto," anasema, sauti imelainika, "kumbe ulisikia." Akafungua mlango wa jokofu, akaanza kupanga kwa macho: maziwa hapa, nyama hapa, sukuma pale chini. Ndugu msomaji, kuna wakati mwanamume anatakiwa kunyamaza. Mimi nikasema, "Ni ya ndoo." Akafunga mlango taratibu. Sofa yetu si mbaya, inaishia kwenye magoti tu.

Ukiangalia friji za kawaida, zina kidude cha kuzungusha, 1 hadi 7. Mimi nilijua ni digrii. Si digrii! Ni namba tu, za kukutuliza. Ukiweka 1, friji bado inateremka hadi tano, sita. Ilitengenezwa kwa ajili ya maziwa, haina habari na 19. Na hamira zenyewe ziko aina mbili kubwa. Kuna ya lager, hizi bia zetu za kila siku, hiyo inapenda baridi, 8 hadi 13. Na kuna ya ale, inataka 18 hadi 22. Shemeji, kati ya zote mbili, aliniletea ya ale. Ukiiweka kwenye digrii tano inazama chini ya ndoo na kulala. Ndiyo unahitaji kijimashine cha nje. Kina sensa, unaichomeka kwa ndoo. Kikiona joto limezidi, kinaipa friji stima. Joto likishuka, kinakata. Hivyo tu. Shemeji akasema ni kazi ya dakika kumi.

Nikateremka Luthuli Avenue. Kibanda cha vifaa vya umeme, kijana mmoja, wateja wamejazana hadi barabarani. Nikasema kwa sauti, "Nataka kitu cha kuzima friji." Akasema, "Buda, friji huzimwa kwa ukuta." Foleni nzima ikacheka. Hata mama aliyekuja kununua waya wa pasi. Nikaeleza tena, sensa, digrii, kuwasha, kuzima. Uso wake ukang'aa. "Aah! Ni ya vifaranga?"

Unajua Nairobi kila mtu anafuga. Mabanda ya juakali yanatengeneza mashine za kuangulia mayai, na vijimashine hivi vyote vinaenda huko. Yai la kuku linataka digrii 37.5, siku 21. Ukisema thamostati mjini hapa, umesema kuku. Na mimi nimesimama mbele ya watu, kuna askari wa kaunti hapo nje, niseme ni ya pombe? Nikasema, "Ndiyo. Vifaranga." Kijana akafurahi. Akaniwekea kila kitu bure. "Nimekusetia kabisa, buda. Wewe chomeka tu."

Kabla ya kuchomeka nikakipima, maana mimi si mtu wa kudanganywa. Nikachemsha sufuria ya maji, nikatumbukiza sensa. Maji yanachemka, kila mtu anajua, kwa digrii 100. Kikasoma 94. Nikangoja. 94. Nikaongeza gesi. 94! Nikapanda matatu nikarudi Luthuli, nimevimba. "Digrii sita zangu ziko wapi?" Kijana hakunielewa. Nikapaza sauti, watu wakakusanyika, maana mtu anayedai digrii haonekani kila siku. Mwisho kijana akauliza naishi wapi. Upper Hill. Akauliza Upper Hill ni Mombasa? Hapana. Basi akaniambia, mbele ya umati, kwamba Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, maji huku yanachemka kwa kama 94, na hiyo ni fizikia ya shule. Akasema nikipime kwa maji ya barafu, kisome sufuri. Kilisoma sufuri. Lakini mimi bado nina mashaka. Mtu anayejua mambo yote hayo anafanya nini Luthuli?

Kijimashine kinataka stima ndogo ya volti 12. Nikatafuta nyumba nzima kidude cha volti 12. Kikapatikana: kile cha intaneti. Nikakichomoa. Nyumba ikawa kimya kwa sekunde tatu, kisha sauti nne zikaita jina langu kwa pamoja. Fundi akaunganisha waya, akaondoa thamostati ya friji yenyewe ili wasigombane wawili. Mimi nikaweka 19. Mchana jua kali, ndoo iko 24, friji imezima. Kimya. Nikasema labda inafikiria. Usiku baridi ikaingia, ndoo ikashuka chini ya 19, na hapo hapo friji ikawaka. Vuuu. Inapoza. Kadiri inavyopoza, ndivyo inavyozidi kuwaka. Nilifurahi! Nilisikia ile sauti kutoka kwenye sofa nikalala usingizi mzuri. Asubuhi nikafungua. Bia unachota na kijiko.

Fundi akaja. Akabonyeza kitufe, akaangalia, akacheka hadi akashika ukuta. Kumbe hivyo vijimashine vina hali mbili. Ukiweka H, kinawasha kukiwa na baridi, cha kupasha joto. Ukiweka C, kinawasha kukiwa na joto, cha kupoza. Yule kijana alikuwa ameniwekea H. "Mkubwa," fundi anasema, anajifuta machozi, "uliambia friji iwe kuku." Mimi sikuiambia friji chochote. Kijana ndiye aliamua. Na kama H na C zingekuwa maneno badala ya herufi, tusingekuwa hapa.

Shemeji akatuma mkebe mwingine. Tukaweka C. Sasa ukaanza ugonjwa mwingine: klak, inawaka, klak, inazima, klak. Usiku kucha. Halafu ikanguruma tu bila kuwaka. Fundi akarudi, safari hii hacheki, bei imepanda. Anasema kompresa ikizima lazima ipumzike, angalau dakika tatu, gesi itulie pande zote, la sivyo inajaribu kusukuma mlima na inaungua. Akaweka muda wa kungoja. Pia akabadilisha relei, akasema ile ndogo ingeyeyuka, maana kompresa ikianza inavuta stima nyingi kwa mpigo. Nikamwambia hata mimi asubuhi niko hivyo. Hakujibu.

Lakini kwa nini ilikuwa inawaka na kuzima? Hilo alilitatua nesi. Alikuja kuchukua chupa zake, akachungulia, akaona sensa inaning'inia hewani. Akaguna. Kumbe huko kazini kwake chanjo zinakaa kwenye digrii 2 hadi 8, na mara mbili kwa siku lazima mtu asome kipimajoto na kuandika kwenye chati. Zikigandishwa, kuna chanjo zinazoharibika kabisa. Yeye amefanya kazi hiyo miaka. "Unapima hewa, baba," akasema. "Hewa hainywewi." Ukifungua mlango, hewa inabadilika mara moja, mashine inashtuka. Bia ni lita 20, inabadilika pole pole. Akachukua sensa, akaibandika ubavuni mwa ndoo na selotepu, akaifunika na kipande cha sponji ya kuoshea vyombo ili isikie ndoo peke yake. Dakika mbili. Klak zikaisha. Halafu akanichorea chati. Ati niandike asubuhi na jioni. Nikaanza kuandika. Mtoto wangu wa Form Two akanisaidia kusoma.

Nikamweleza mama mboga hapo kioski haya mateso yote, nikitarajia pole. Yeye ni wa Murang'a. Akaendelea kukatakata sukuma. "Kastoma, baba yangu alitengeneza muratina maisha yake yote. Asali, maji, yale matunda ya muratina yaliyokaushwa, kibuyu kando ya moto. Ikipoa anakisogeza karibu. Ikizidi anakisogeza mbali." Sensa ilikuwa gani? "Mkono." Akafunga sukuma kwenye gazeti. "Na hakununua friji." Unaona mji huu? Kila mtu ana digrii zake. Nesi ana zake, watu wa kuku wana zao, mzee wa Murang'a alikuwa nazo kiganjani. Ni mimi peke yangu nimenunua zangu kwa vipande.

Ikafika Julai. Sasa wewe mwenyewe unajua Julai. Manyunyu, wingu, usiku digrii 12 au chini. Friji haina kazi tena. Kinachotakiwa ni joto. Shemeji kwenye simu anasema weka balbu ndani ya friji. Balbu! Ndani ya friji! Baada ya mateso yote ya kupoza, sasa nipashe joto friji! Nikanunua balbu. Ikawaka vizuri sana, nyeupe, kali. Joto, sufuri. Ni hizi za LED za siku hizi, wati tisa, zinabana matumizi. Mtoto wa Form Two akapiga hesabu bila kuombwa: lita 20 za maji zinataka kilojuli kama 84 ili kupanda digrii moja, balbu ya zamani ya wati 40 ingechukua zaidi ya nusu saa hata joto lote likibaki ndani, hii yako, baba, hamira itakufa kwa uzee.

Nikaenda agroveti. Nikasema nataka balbu ya joto. Mzee wa agroveti akauliza, "Vifaranga wangapi?" Ulimi ukaenda wenyewe. "Mia moja." Akanipongeza. Akanipa ile nyekundu kubwa, wati 250, akaniongezea na ushauri juu ya kuhara. Akaandika namba yangu ya simu.

Wati 250 si mchezo. Digrii moja chini ya dakika sita. Plastiki ya ndani ya friji ikaanza kukunjamana. Na mwanga huwa unaharibu bia yenye hopsi, inatoa harufu ya kicheche, ndiyo maana chupa za bia nyingi ni za kahawia. Kwa hiyo nikaifunika balbu na mkebe wa maziwa ya watoto, nikatoboa matundu, kisha nikahamia ile ya zamani ya wati 40 niliyopata kwa bibi mmoja wa cherehani. Huko kwa cherehani sitaki kueleza nilivyoipata. Lakini kabla ya mkebe, ile nyekundu iliwaka usiku mmoja mzima, na mlango wa friji haukufunga kwa sababu ya waya. Dirisha langu likawa jekundu. Upper Hill nzima inaonekana kutoka juu, watu wa minara wanaona kila kitu.

Asubuhi keateka akaja. Amevaa koti la mvua na uso wa kazi. "Mzee, nimepata ripoti unafuga kuku kwenye SQ." Ripoti kutoka wapi? Kumbe yeye na mzee wa agroveti wanasali pamoja. Kumbe mzee wa agroveti alikuwa ameniombea kanisani, mimi na vifaranga wangu mia moja. Keateka akavuta pumzi. "Hata nasikia harufu ya chakula chao." Ilikuwa kimea.

Sasa jiweke kwenye viatu vyangu, vile vilivyobaki. Mkataba wa nyumba unasema hakuna mifugo. Sheria ya 2010 inasema hakuna pombe bila leseni. Nikikana kuku, atataka kuona ndani ya friji. Nikifungua friji, ni ndoo inabubujika, plop, plop, plop. Nikamwangalia. Nikainamisha kichwa. Nikasema, "Ni kweli, bosi. Nina kuku."

Akafurahi kwamba nimekuwa mkweli. Akanipa hadi mwisho wa mwezi niwaondoe, na akasema atasimama getini mwenyewe aone wakitoka.

Bia? Ilitoka. Usiulize sana. Ilitoka safi, ya rangi ya kahawia, haina ndizi, haina kicheche, chati nzima inasoma 19, 19, 19, kwa mwandiko wa Form Two. Nesi alikuja na kikombe chake kutoka nyumbani. Mama watoto alikunywa nusu glasi, akasema nisidhani. Mzee mmoja jirani, mteja wa zamani wa mabaa ya Ngong Road, nikamletea chupa niliyoipoza kwa barafu ya nesi hadi mkono unauma. Akaigusa, akairudisha. "Julai hii? Mimi hunywa moto." Shemeji alikuja wikendi na marafiki, wakaimaliza yote wakiwa wamesimama, wakaniambia ingefaa ningejaribu digrii 18.

Ndipo Jumamosi nikajikuta Burma, sokoni, kwenye matenga ya kuku. Mwenye kuuza akaninyanyulia jogoo mmoja kwa miguu, jogoo akanipiga bawa usoni. "Unataka wa kufuga ama wa kula, mzee?"

"Wa kufukuzwa."